Diski za kukatia chuma zinanivunjikia moja baada ya nyingine: kosa ni la diski au la mkono?

Mwanagenzi

Habari zenu wakuu. Naomba msaada wa waliozoea kukata chuma nyumbani kwa ile mashine ndogo ya kuzungusha, inayoshikwa mkononi kama kalamu nene na kufungwa ncha za kila namna. Kwa muda mrefu nimeitumia kupiga msasa na kutoboa matundu madogo kwenye mbao, na haikuwahi kunisumbua. Wiki hii nimeamua kutengeneza vishikizo sita vya rafu kwa chuma bapa chenye upana wa milimita 20 na unene wa milimita 3, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Diski ninazotumia ni zile nyembamba za rangi ya kahawia zilizokuja ndani ya kisanduku cha mashine, zenye kipenyo cha milimita 24 na unene wa milimita 0.6 hivi. Hukilaza chuma juu ya vipande viwili vya mbao, kimoja kila upande, nikakishikilia kwa mkono wa kushoto na kukata katikati kwa mkono wa kulia. Mkato huanza vizuri na cheche huruka, lakini nikikaribia kumaliza diski hukwama, husikika mlio mkavu kama wa ukuti unaovunjwa, na kinachobaki mashineni ni kipande chenye umbo la mwezi mchanga. Hadi sasa nimevunja diski 11 na nimepata vishikizo viwili tu. Kipande cha diski ya mwisho kilinipiga shavuni, chini kidogo ya miwani, nikaona heri nisimame niulize.

Je, diski hizi ni dhaifu kiasi hicho kwa asili yake, au mimi ndiye ninayezitesa? Mwendo wa mashine yangu hupangwa kuanzia mizunguko 10,000 hadi 33,000 kwa dakika, niuweke wapi? Tena ninayo bolti ya milimita 8 ambayo lazima niipunguze urefu kwa milimita 15, na sitaki kuharibu nyuzi zake.

Tupa Kongwe

Pole kwa shavu, ndugu, na umefanya vyema kusimama. Swali lako la kwanza umelijibu mwenyewe pale uliposema kwamba chuma kimelazwa juu ya vipande viwili vya mbao nawe unakikata katikati. Chuma kilichoegemezwa ncha zote mbili hufanya kama daraja: kadiri unavyokidhoofisha katikati, ndivyo katikati hapo panavyozama kwa uzito wa chuma chenyewe, kwa mgandamizo wa mashine na kwa nguvu ya mkono wako wa kushoto. Katikati pakizama, midomo ya juu ya mkato husogeleana na kuibana diski iliyomo ndani. Diski ya milimita 0.6 ambayo haina nyuzi za kioo ndani yake ni unga wa kusagia ulioshikanishwa kwa gundi ngumu, basi. Huhimili vizuri nguvu inayokuja kwa ukingo, lakini ikibanwa au ikipindwa kwa ubavu hata kidogo, huvunjika kama kigae.

Kwa hiyo kabla ya kununua diski nyingine, tafuta jiliwa, au vaisi kama wengi tunavyoiita. Kibane chuma upande mmoja tu, mstari wa kukata ukiwa karibu na midomo ya jiliwa, kiasi cha upana wa kidole, na upande unaoondoka uachwe ukining'inia bila kushikwa. Ukikata kutoka juu, kipande kinachoning'inia kitainama chini na kuufungua mkato badala ya kuufunga. Ukikata mbali na jiliwa, chuma kitatetemeka na kutoa kelele ya kukera, na mtetemo huo nao huvunja diski. Kama kipande kinachoondoka ni kirefu na kizito, mtu anaweza kukitegemeza kwa chini dakika za mwisho ili kisichanike, ila asikisukume juu, kwa sababu atakuwa amelirudisha lile daraja kwa mlango wa nyuma.

La pili ni mkono. Usianze kwa kuzamisha diski sehemu moja. Pitisha ukingo wake juu ya mstari kwa wepesi, mara tatu au nne, mpaka upate mfereji wenye kina cha nusu milimita. Mfereji huo ndio utakaoiongoza diski, nawe hutahitaji tena kuilazimisha. Kisha endelea kwa mapito mafupi, ukiirudisha diski juu kila mara ili ipoe na unga utoke. Mwendo wa kusukuma uwe kinyume cha upande ambao diski inavutia. Ukienda nayo, itapanda juu ya chuma na kukukimbia, na ni hapo mkono unapopinda. Sikiliza mota pia. Sauti yake ikishuka, umegandamiza kupita kiasi. Mimi humwambia kijana ninayemfundisha kazi kwamba uzito wa mashine yenyewe unatosha, mkono kazi yake ni kuongoza tu, na bado humchukua siku kadhaa kuamini.

Nusu Milimita

Naongezea juu ya maelezo ya Tupa Kongwe, ambayo nayaunga mkono yote, kwa sababu suala la mwendo halijaguswa.

Kinachokata ni kasi ya ukingo wa diski. Diski yako yenye kipenyo cha milimita 24 ina mzingo wa takriban milimita 75. Ikizunguka mara 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 kwa sekunde, ukingo wake unakwenda karibu mita 38 kwa sekunde, ambazo ni zaidi ya kilomita 130 kwa saa. Hiyo ndiyo kasi ambayo kipande kilikuwa nayo kilipoondoka kwenda kwenye shavu lako. Sasa itazame diski hiyo hiyo ikiwa imeliwa na kubaki milimita 15: kwa mizunguko ile ile, ukingo unakwenda chini ya mita 24 kwa sekunde. Ndiyo maana diski iliyoisha nusu huonekana kama imekuwa butu, mtu huongeza nguvu ya mkono, na diski huvunjika. Badala ya kuongeza nguvu, ongeza mizunguko ikiwa diski na mashine vinaruhusu, au kubali kwamba diski hiyo imemaliza kazi yake.

Kwa chuma cha kawaida, diski ndogo kama yako huenda vizuri kati ya mizunguko 25,000 na 30,000, mradi maandishi ya diski yenyewe yanaruhusu. Narudia, mradi maandishi yanaruhusu, kwa sababu kila diski ina kikomo chake, na kikomo cha mashine si kikomo cha diski. Hili huwa na uzito zaidi ukihamia kwenye diski zenye nyuzi za kioo za milimita 38, ambazo ndizo ningekushauri utumie kwa kazi yako. Diski ya milimita 38 kwa mizunguko 30,000 ina kasi ya karibu mita 60 kwa sekunde ukingoni. Ukitaka kasi ile ile ya diski yako ndogo, mizunguko 19,000 hivi inatosha kabisa. Nyuzi zile, zilizosukwa kama wavu ndani ya diski, haziifanyi isivunjike kamwe, lakini huiruhusu ipindike kidogo, na ikipasuka mara nyingi vipande hubaki vimeshikana badala ya kutawanyika chumbani.

Kagua vilevile kile kijiti kinachoshika diski. Skrubu yake ikikazwa mno, huivunja diski katikati kabla hata hujaanza. Ikilegea, diski huyumba. Kijiti chenyewe kiingie ndani ya mdomo wa mashine kadiri kinavyoweza, kwa sababu kikitokeza sana hupinda kwa mwendo mkubwa. Vijiti vingi ni vya milimita 3.2, lakini vipo vya milimita 3 na vya milimita 2.35, na kijiti chembamba kilichofungwa kwenye kibano cha kile kinene hukaa upande. Ukishafunga diski mpya, iwashe ukiwa umeielekeza mbali na wewe na mbali na mtu yeyote, uiache izunguke yenyewe kwa dakika moja bila kugusa kitu. Yenye ufa hujitangaza wakati huo.

Msumeno Kwanza

Mimi nitakuwa mtu wa upinzani. Chuma bapa cha milimita 20 kwa 3 ni kazi ya msumeno wa chuma. Funga utepe wenye meno 24 kwa kila inchi, meno yakielekea mbele, kibane chuma kikiwa kimelala ili msumeno upite juu ya ule upana wa milimita 20 ukiwa umeinamishwa kidogo, nawe utamaliza kipande kimoja kwa dakika mbili au tatu bila cheche, bila vumbi la gundi, na bila kipande chochote kuruka usoni. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba meno yasiyopungua matatu yawe yamegusa chuma wakati wote. Kwa unene wa milimita 3 na meno 24 kwa inchi unapata hayo matatu kwa shida hata ukisimamisha chuma kwa ubavu, na ukikilaza unapata mengi zaidi.

Mashine ndogo ina mahali pake, nami ninayo: skrubu iliyoliwa kichwa na kuhitaji mfereji mpya wa bisibisi, nati iliyoshikwa na kutu pasipoingia spana, bomba lililo karibu na ukuta ambapo msumeno haupati nafasi ya kwenda na kurudi, au tundu la mraba katikati ya bati. Kuitumia kukata nondo na chuma bapa ni sawa na kufyeka shamba kwa kisu cha jikoni.

Tupa Kongwe

Msumeno Kwanza, sikupingi kwa chuma bapa, ingawa si kila mtu ana bega la kukata vipande sita mfululizo. Kwa bolti ya milimita 8 aliyoiuliza, hata hivyo, mashine ndogo hukata kwa unadhifu zaidi.

Mwanagenzi, bolti hiyo ifanyie hivi. Kabla ya kukata, zungushia nati mpaka ipite mahali pa mkato na kukaa upande wa kichwa, kwenye sehemu itakayobaki. Ikiwezekana zungushia nati mbili na kuzikaza moja dhidi ya nyingine, kisha ubane jiliwa kwenye hizo nati badala ya kubana nyuzi za bolti. Kata ukizunguka bolti pande zote, kwa sababu diski ya milimita 24, ukiondoa kichwa cha skrubu na mwili wa mashine unaogonga mbele yake, haifiki kina cha milimita 8 kwa urahisi, na ikishaliwa kidogo ndiyo haifiki kabisa. Baada ya hapo piga tupa ukingo wa ncha kwa mwinamo kuzunguka duara lote, kisha zifungue zile nati zikitokea kwenye ncha mpya. Nati inapotoka husukuma nje vijitawi vya chuma vilivyolala juu ya nyuzi na kuzinyoosha. Ukisahau nati ukakata kwanza, utahangaika kuiingiza, na hapo ndipo watu huanza kugonga kwa nyundo.

Jicho Moja Zaidi

Nimesoma habari ya shavu na siwezi kupita kimya. Niliwahi kukata skrubu moja tu, kazi ya nusu dakika, nikiwa nimevaa miwani ya kinga. Nilimaliza salama, nikaivua miwani, nikajifuta paji la uso kwa kiganja. Punje iliyokuwa imekaa kwenye nyusi ikaingia jichoni. Usiku nilidhani ni mchanga. Kesho yake asubuhi mwanga wa dirishani ulikuwa hauvumiliki, na daktari alipotazama kwa darubini yake aliniambia kwamba punje ya chuma imejichoma kwenye kioo cha jicho na tayari imeacha duara la kutu kuizunguka. Aliitoa kwa sindano baada ya kunitia matone ya ganzi, kisha akasafisha ile kutu kwa kifaa kidogo kinachozunguka, kikilia kama kile kilichonipeleka pale. Nilicheka ingawa sikupaswa kutikisika.

Tangu siku hiyo navaa miwani yenye kinga za pembeni na juu yake ngao ya uso, kwa kuwa ngao peke yake ina mwanya chini na miwani peke yake inaacha mashavu wazi. Nikimaliza nainamisha kichwa, napangusa nywele na nyusi kwa brashi nikiwa bado nimevaa miwani, ndipo naivua nikiwa nimefumba macho. Na sikai kwenye mstari wa diski. Nasimama pembeni yake, kwa sababu vipande huruka zaidi kufuata bapa la mzunguko. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: aliyewahi kuingiwa na chuma jichoni amwambie mhudumu kabla ya kuingizwa kwenye mashine ya picha inayotumia sumaku kali, maana punje iliyosalia ndani inaweza kusogezwa na sumaku hiyo.

Kuhusu mikono, epukeni glavu pana za kufuma na mikono ya shati inayoning'inia. Chuma kilichotoka kukatwa kishikwe kwa koleo. Kikiwa cheusi hivyo hivyo kinaweza kuunguza, na ukiona rangi ya buluu kando ya mkato, hapo palishafika nyuzi joto karibu 300 za Selsiasi.

Nusu Milimita

Kwa kuwa cheche zimetajwa, niseme neno moja. Cheche za chuma ni punje za chuma zinazoungua hewani, nazo hupita mbali kuliko unavyodhani. Ondoa matambara, maranda ya mbao na mikebe ya rangi hapo unapokatia, geuza mkato ili cheche zielekee ukutani au kwenye bati, na usiondoke chumbani mara tu umemaliza; rudi utazame tena baada ya nusu saa, kwa kuwa maranda huweza kufuka polepole bila moshi wa kuonekana. Vioo vya dirisha na vigae vilivyo karibu vifunikwe, kwani punje za moto hujichoma ndani ya kioo na baadaye kuota kutu. Tangi la mafuta au chombo chochote kilichozibwa kisikatwe kabisa kwa mashine hii, hata kama kimekaa kitupu miaka mingi. Mvuke uliobaki ndani unatosha kulipuka.

Mwanagenzi

Wakuu, nashukuru sana. Nimerudi na majibu. Jiliwa nimeazima kwa jirani, nikafunga diski moja ya milimita 38 yenye nyuzi, nikaweka mashine kwenye mizunguko 20,000. Mara ya kwanza nilisahau na kukandamiza. Mota ikanung'unika, nikakumbuka maneno ya Tupa Kongwe na kuinua mkono. Vishikizo vinne vilivyobaki nimevipata kwa diski hiyo moja, na bado imebaki na kipenyo cha milimita 29 hivi. Cha tano nilianza kwa msumeno ili nimtendee haki Msumeno Kwanza, nikakiri kwamba mkato wake ulinyooka kuliko wangu, ila nilimalizia kwa mashine kwa sababu ya bega. Ndiyo, nimehesabu vibaya na sasa ninavyo saba.

Bolti nayo imetoka safi, nati imepita bila kugoma. Ninalo swali la mwisho: ninazo diski mbili za almasi ambazo hazijaguswa. Zinafaa kwa chuma? Na je, nikitaka kukata pembe ya alumini ya milimita 2, utaratibu ni ule ule?

Nusu Milimita

Zile za almasi ziweke kwa ajili ya vigae, kioo na mawe. Almasi ni kaboni, na ikikutana na chuma chenye moto mkali kaboni hiyo huyeyukia ndani ya chuma, makali yakapotea kabla ya kazi kwenda mbali. Zipo diski za almasi zilizoundwa mahsusi kwa chuma, na hizo huandikwa hivyo wazi; hizi za kisandukuni sizo.

Alumini ni habari nyingine. Inayeyuka kwa nyuzi joto 660 tu za Selsiasi, kwa hiyo hulainika, hugandia kwenye ukingo wa diski na kuziba punje, kisha diski husugua bila kukata, hupata moto na kupasuka. Hapa nakubaliana na Msumeno Kwanza moja kwa moja: tumia msumeno. Ukilazimika kutumia mashine, tumia diski ambayo mtengenezaji ameiandika kuwa ni ya alumini, gusisha ukingo wake kwenye nta ya mshumaa mara kwa mara, na uende kwa mapito mepesi zaidi ya uliyozoea.

Msumeno Kwanza

Leo nimeshinda, niacheni nifurahi. Mwanagenzi, vumbi la alumini likibaki mezani lifute lote kwa kitambaa chenye unyevu kabla hujarudi kukata chuma mahali hapo hapo, kwa sababu unga wa alumini ukichanganyika na kutu kisha ukaguswa na cheche huweza kuwaka moto mkali usiozimika kwa maji. Bati lililopakwa zinki nalo usilikate ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake mweupe humletea mtu homa na baridi usiku, akadhani ni malaria. Kile kishikizo cha saba kipigie tundu, ukitundikie msumeno.

Mwanagenzi

Kimeshatundikwa. Jiliwa narudisha kesho, nikimaliza pembe za alumini.